Prosesa ya kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: tusidanganyike na jina la i7

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia. Ana akiba yake ya kuunda kompyuta ya gemu, na kuna mtu amemwonyesha kompyuta ya mezani yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i7 kwa bei ya chini kuliko Core i3 mpya. Anauliza aiwahi kabla haijachukuliwa? Nilimwambia asubiri. Leo namjibu kwa kirefu, yeye na wengine wote mnaoniuliza jambo hilohilo, maana swali hili ndilo lililowahi kunifanya nichekwe mbele za watu.

Wengi wetu tumeanzia sehemu moja: kibanda cha PlayStation mtaani, unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. Hamu ya kuwa na mashine yako inaanzia hapo, ucheze Counter-Strike, Valorant, GTA na FC mpaka usiku wa manane bila mtu kusimama mgongoni akisubiri zamu. Nilipopata kazi nikaanza kudunduliza. Habari za kudunduliza kila mtu anazijua, naziruka. Pesa ilipotimia nikashuka Kariakoo na karatasi mfukoni, na mstari wa kwanza wa karatasi ile ulikuwa Core i3-12100F.

Muuzaji wa duka nililoingia aliisoma kwa sauti. Duka lilikuwa limejaa. Akauliza, kijana mzima anataka kucheza gemu halafu anaomba i3, prosesa ya karani wa kuchapa barua? Watu wakacheka. Akainama chini ya kaunta akatoa boksi jeusi, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaligeuza ili nione stika ya i7. "Hii ndiyo mashine," akasema. Nikamwomba aiwashe. Nikafungua ukurasa wa taarifa za mfumo na kusoma: i7-2600. Hiyo prosesa Intel waliitoa mwaka 2011. Nilipomwambia, jibu lake lilikuwa moja tu: i7 ni i7, mdogo wangu. Rafiki yangu niliyekwenda naye akailipia palepale. Mimi nikatoka kwenda duka jingine, na jioni kijiweni habari ikawa kwamba nimeshindwa kununua i7 nikaangukia i3. Kicheko kile kiliniuma, na sioni haya kusema kwamba mpaka leo nakikumbuka.

Sasa sikilizeni vizuri. i3, i5, i7 ni cheo cha prosesa ndani ya kizazi chake. Kizazi chenyewe kinasomwa kwenye tarakimu zinazofuata. i7-2600 ni kizazi cha pili. i7-4770 ni cha nne, ya 2013. i5-8500 ni cha nane, ya 2018. i3-12100F ni kizazi cha kumi na mbili, imetoka Januari 2022. Ukiweka i7-2600 na i3-12100F kwenye karatasi utaona kila moja ina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nane (kazi zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja), na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kiini kimoja cha ile i3 kinafanya kazi karibu mara mbili ya kiini kimoja cha ile i7, na gemu nyingi zinategemea sana kasi ya kiini kimoja kimoja kuliko wingi wa viini.

Tofauti hiyo niliiona kwa macho. Mimi na rafiki yangu tulinunua kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu, za aina moja, RX 580 za GB 8, zote za mtumba. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023 tukawa tunacheza timu moja. Ikifika wakati mabomu ya moshi yametupwa na watu wote wanaingia kwa pamoja, picha yake inaganda, ikirudi ameshauawa. Akailaumu intaneti. Akabadilisha laini. Akailaumu kadi. Siku moja nikaenda kwake, nikafungua dirisha linaloonyesha matumizi ya mashine huku yeye anacheza: prosesa inagonga asilimia 100, kadi ya grafiki iko kwenye 60 hivi, inasubiri kuletewa kazi. Kwangu ni kinyume chake, kadi ndiyo inayofanya kazi kwa nguvu zote na prosesa ina nafasi ya kupumua. Kwenye kompyuta ya gemu hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kisha yakaja mengine. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine, ziwe zimewashwa. Kuna gemu mpya zinazohitaji AVX2, seti ya maelekezo ya hesabu ndani ya prosesa, ambayo Intel waliyaleta kwenye kizazi cha nne, kwa hiyo i7-2600 haina. Rafiki yangu akanipigia simu usiku kuniuliza i3 yangu niliinunua duka gani. Nilifurahi. Nilifurahi sana, na nilikuwa na haki ya kufurahi.

Basi wadogo zangu, mkipanga bajeti, prosesa isile pesa ya kadi ya grafiki. Kwenye mashine ya gemu ya bei nafuu, kadi ndiyo inayostahili fungu kubwa kuliko kitu kingine chochote. i3-12100F inaitosha RX 580, na hata RX 6600 kwa kioo cha 1080p haitaiangusha vibaya. Soketi yake ya LGA1700, yaani kiti inapokaa prosesa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), inapokea vizazi vya 12, 13 na 14, kwa hiyo mwakani ukijaliwa unaweka i5-12400F yenye viini sita juu ya madabodi ileile. Huo ndio ununuzi wenye akili, kununua kitu chenye mlango wa kesho. Soketi ya i7-2600 mlango wake ulifungwa zamani.

Kwa upande wa AMD, washindani wa Intel, kama mfuko unaruhusu kidogo zaidi, ningechukua Ryzen 5 5600: viini sita, nyuzi kumi na mbili, kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, na feni yake inakuja ndani ya boksi. Hapa pana mtego. Ryzen 5 5500 ina jina linalokaribiana, na viini sita pia, lakini kashe yake ni MB 16 na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha prosesa na kadi. Ukiifunga na kadi kama RX 6500 XT, ambayo inatumia njia nne tu za PCIe, utapoteza fremu (picha za kila sekunde) ulizozilipia. Wauzaji wengi hawatakuambia, na wengine hawajui. AM5, soketi mpya ya AMD, iacheni kwa sasa, kwa sababu inalazimisha RAM ya DDR5, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, viwanda vinakimbilia kuhudumia mashine za akili mnemba. AM4, soketi ya Ryzen hizi, na RAM ya DDR4 zinatosha kabisa kwa mtu wa bajeti yetu.

Asiye na pesa ya kadi kwa sasa achukue Ryzen 5 5600G, ina grafiki ndani yake, na afunge vipande viwili vya RAM vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Grafiki ya ndani inaishi kwa kasi ya RAM, kipande kimoja kinaibana. Na herufi F ya Intel isomeni kabla ya kulipa. F maana yake haina grafiki yoyote, bila kadi kioo kitabaki cheusi. Nimewahi kuletewa mashine nzima na mtu aliyeamini ameuziwa kitu kibovu, kumbe ni F na hana kadi.

Kwa wale ambao lazima wanunue kompyuta ya ofisi ya mtumba, na siwalaumu, mimi nasema anzieni kizazi cha nane. i5-8500 ina viini sita, Windows 11 inaikubali, na mashine za aina hiyo ndizo zinazotoka maofisini kwa wingi siku hizi. Pimeni boksi lenyewe. Zile nyembamba za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zina pawasaplai ya wati 200 na kitu, haibadilishwi kirahisi kwa sababu viunganishi vyake ni vya kiwandani kwao. Humo inaingia kadi fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama GTX 1650 ya umbo dogo, basi.

Muuzaji asiwaharakishe. Prosesa ya AMD ya AM4 ina pini chini yake: igeuze, washa tochi ya simu, iangalie kwa ubavu mstari kwa mstari, pini iliyolala utaiona inavunja safu. Kwa Intel ya LGA1700 pini ziko kwenye soketi ya madabodi, kwa hiyo kifuniko kifunguliwe uangalie humo. Soma jina lililochongwa juu ya bati la prosesa lenyewe, stika ya boksi haihesabiki. Kama madabodi ni B450 ya zamani na prosesa ni ya Ryzen 5000, mwambie aboreshe BIOS (programu inayoiwasha madabodi) na aiwashe ukiona, kabla hujatoa shilingi. Asipotaka kuiwasha, nenda duka linalofuata.