Bustani imefungwa, mtambo umebaki: je, utabeba watu tena?

SWALI: Mimi ni fundi mitambo, niko Mombasa. Nimekuwa nikifuatilia picha za bustani za burudani zilizofungwa ng'ambo, na jambo moja limenitatiza. Katika bustani ya Six Flags ya New Orleans, Marekani, iliyofurika maji wakati wa kimbunga Katrina, rolakosta moja (treni ya burudani inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka) iling'olewa na leo inabeba watu Texas. Nyingine ziliachwa zikaozea palepale. Mafuriko yalikuwa yale yale, sasa tofauti ilitoka wapi? Nauliza pia kwa sababu kuna dalali anatuuzia gurudumu kubwa la kuzungusha watu hewani, la mita 20, na rolakosta ndogo ya watoto kutoka bustani iliyofungwa Ulaya. Vimesimama miaka tisa. Tukague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Ndugu fundi, tuanze na hiyo rolakosta, maana historia yake inajibu karibu nusu ya swali lako. Ilitengenezwa na Bolliger & Mabillard, kampuni ya Uswisi, na ilianza kazi mwaka 1995 huko Gotemba, Japani, kwa jina la Gambit. Bustani ya Gotemba ilipofunga milango, mtambo ulisafirishwa hadi New Orleans na kusimamishwa upya mwaka 2003 kwa jina la Batman: The Ride. Miaka miwili baadaye, Agosti 2005, ikaja Katrina. Maji yenye chumvi yalikaa ndani ya bustani zaidi ya mwezi mzima, na bustani haikufunguliwa tena. Mwaka 2008 mtambo uleule ulianza kubeba watu San Antonio, Texas, ukiitwa Goliath. Umeshazika bustani mbili.

Uliokoka kwanza kwa sababu ya umbo lake. Ni rolakosta ambayo mabehewa yananing'inia chini ya reli, kwa hiyo kituo cha kupandia kimejengwa juu ya jukwaa. Maji yalijaa chini yake. Nguzo zake nazo zilikuwa na kinga nzuri ya kutu. Mitambo iliyokuwa na mota, paneli za umeme na breki usawa wa ardhi haikupata bahati hiyo.

Sababu ya pili ni namna ilivyounganishwa. Reli ya chuma ya aina hii huja kwa vipande vyenye sahani za kuungia miishoni, vikakazwa kwa bolti. Ukizifungua bolti kwa mpangilio, ukatia alama kila kipande, unaweza kuipakia na kuisimamisha popote penye misingi iliyopimwa sawasawa. Linganisha na Mega Zeph, rolakosta nyingine iliyokuwa katika bustani hiyohiyo. Fremu yake ilikuwa ya chuma, ila njia yake ilikuwa ya mbao. Njia ya mbao hujengwa kwa tabaka za mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine na kupigiliwa, mara nyingi tabaka nane hivi, kisha juu huwekwa ukanda wa chuma ambao magurudumu hupita. Kuing'oa kwa kawaida ni sawa na kuivunja: kinachobaki cha kuuza ni mabehewa, mnyororo na mota. Ndiyo maana hata rolakosta changa ya mbao mara nyingi huwa haina mnunuzi. Aska, rolakosta ya mbao ya bustani ya Nara Dreamland, Japani, ilijengwa mwaka 1998. Bustani ilifungwa Agosti 2006, na mtambo huo wa miaka minane tu ulisimama pale miaka kumi mingine hadi bustani yote ilipobomolewa.

Ya tatu ni muda, na hapa ndipo wanunuzi wengi huponzeka. Goliath ilikaa bila kazi chini ya miaka mitatu, na wakati huo wote ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyokuwa na bustani nyingine ya kuipeleka, mafundi wanaoijua, na mtengenezaji aliyekuwa bado yuko kazini. Rolakosta ndogo ya familia kutoka New Orleans, Road Runner Express, nayo ilihamishwa, ikafunguliwa California mwaka 2011. Mitambo iliyobaki ilikaa karibu miaka ishirini, ikiibiwa nyaya na kukatwakatwa, hadi ubomoaji ulipoanza mwaka 2024.

Sasa kuhusu kinachotokea ndani ya mtambo uliosimama. Watu huogopa kutu wanayoiona. Kutu hiyo ya juujuu kwenye reli nene hupigwa mchanga, hupakwa rangi, imekwisha. Inayoua ni isiyoonekana, na mara nyingi iko mahali pa aina tatu. Ndani ya nguzo za bomba, ambako maji huingia kupitia tundu la bolti au mshono uliofunguka na kukosa pa kutokea. Chini ya sahani ya msingi, kati ya chuma na zege, ambako unyevu wa chumvi hukaa mwaka mzima bila kukauka. Na kwenye ukingo wa mishono ya kulehemu, ambako vishimo vidogo vya kutu huwa chanzo cha nyufa.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo kidogo. Chuma huchoka. Rolakosta ndogo ikifanya mizunguko 20 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, kila mshono umebanwa na kuachiwa mara 32,000 kwa mwaka. Baada ya miaka kumi ni mara 320,000. Mbunifu alihesabu uchovu huo akidhani uso wa chuma ni laini. Kishimo cha nusu milimita pembeni ya mshono hukusanya mkazo mahali pamoja, na ufa huanza mapema kuliko hesabu inavyosema. Kwa hiyo mtambo uliosimama miaka tisa haukupumzika. Nyufa hazikuongezeka kwa kubeba watu, ni kweli, lakini kutu iliendelea kuchimba vianzio vyake.

Kwa hiyo usianze na chuma. Anza na karatasi, na nasema hivi kwa uzito wote. Dai picha ya bamba la mtengenezaji lililofungwa kwenye mtambo: jina, nambari ya mtambo, mwaka, uzito wa juu, idadi ya abiria. Kisha kitabu cha kumbukumbu chenye saa za kazi na matengenezo, mwongozo wa uendeshaji, michoro ya misingi pamoja na mizigo inayoshuka kwenye kila nguzo, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mkaguzi huru, na matangazo ya kiufundi ambayo mtengenezaji amekuwa akiyatoa kila kasoro ilipogunduliwa kwenye mitambo ya aina hiyo. Halafu mwandikie mtengenezaji mwenyewe, umpe nambari ya mtambo. Atakuambia kama bado anautambua, kama anauza vipuri, na kama uliwahi kupata ajali. Mtambo wa Ulaya unapaswa kukaguliwa kwa kiwango cha EN 13814. Cha kimataifa ni ISO 17842. Dalali akikuambia karatasi zilipotea bustani ilipofungwa, unanunua chuma chakavu. Mlipe bei ya chuma chakavu au mwache.

Karatasi zikiwepo, peleka mkaguzi wa vipimo, na umtume kabla mtambo haujang'olewa. Ukishapakiwa kontena, huwezi tena kuona kama nguzo imeinama au msingi umetitia. Kwa unene wa bomba atumie kipimo cha altrasoniki (kinachopima kwa mawimbi ya sauti), akianzia sentimita chache juu ya msingi, pande zote nne, kisha kila mahali maji yanapoweza kukaa. Bomba la ukuta wa milimita 8 likisoma 6 limepoteza robo ya unene wake, na uwezo wake wa kuhimili kupinda umepungua karibu kiasi hichohicho. Anayeweza kusema 6 inatosha ni mtengenezaji, au mhandisi mwenye hesabu zake. Wewe wala mimi hatuwezi.

Kwa nyufa, mishono ya chuma cha kawaida hupimwa kwa unga wa sumaku, na ya alumini au chuma kisichoshika kutu hupimwa kwa rangi ya kupenya, kimiminika kinachoingia ndani ya ufa na kuuonyesha. Rangi ya zamani iliyopakwa kwenye mtambo lazima itolewe kwanza. Ukikuta dalali amepaka rangi mpya kwenye mishono na bolti wiki chache kabla ya kuja kwako, idai itolewe. Akikataa, mazungumzo yameisha. Na ufa ukipatikana, asitokee mtu wa kuuziba kwa kulehemu palepale. Joto la kulehemu bila utaratibu wa mtengenezaji hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono, na ufa mpya huzaliwa milimita chache kutoka ule wa zamani.

Kwenye gurudumu kubwa, roho yake ni beringi za ekseli kuu. Mtambo ukisimama muda mrefu, vigololi hukandamiza mahali palepale, mafuta hujitenga na grisi, na unyevu huacha alama za kutu zenye nafasi sawa kama meno ya kitana. Chukua sampuli ya grisi: ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji, ikiwa na wekundu wa kahawia ina kutu. Inua ekseli kidogo kwa jeki huku geji ya mshale ikiwa imegusa, usome uchezaji, ulinganishe na mwongozo. Kisha zungusha gurudumu zima polepole kwa mkono au winchi na usikilize mzunguko kamili. Gurudumu la bustani ya Spreepark, Berlin, lenye urefu wa mita 45, lilibaki likizungushwa na upepo baada ya bustani kufungwa mwaka 2001. Mwaka 2021 lilishushwa lote ili likarabatiwe. Kuzunguka tu hakukutosha kuliruhusu libebe watu.

Yapo mambo ambayo hayahitaji kupimwa kabisa; yahesabu kuwa yamekufa na uyaweke kwenye bei. Matairi ya poliyurethani (plastiki ngumu kama mpira) ya rolakosta hupata ubapa yakibeba uzito mahali pamoja, na joto lenye unyevu huyavunja kutoka ndani. Mipira ya haidroliki na sili zake. Kamba zote za chuma. Bolti za nguvu kubwa zilizokazwa kwa mkazo maalumu, ambazo zikifunguliwa hazirudishwi. Springi na makufuli ya vyuma vya kuzuia abiria: hizo nunua mpya kutoka kwa mtengenezaji, usichongeshe gereji. Viti na ganda la faibaglasi vinaweza kuokolewa, mradi sehemu zilizofungwa bolti hazijalegea wala kufanya mipasuko ya buibui kuzunguka tundu.

Umeme kwako una nafuu moja: masafa ya umeme Ulaya ni 50 Hz kama Kenya. Mtambo wa Marekani wa volti 480 na 60 Hz ungezungusha mota zake kwa kasi ya tano kwa sita tu ukiuwasha hapa, na muda wa breki na kila kitu kilichopangwa kwa kasi ile kingepotoka. Mota zipime kwa megga (kipimo cha ukinzani wa kuzuia umeme usivuje) ya volti 500. Chini ya megaohmu 1 usiwashe. Iliyozama kwenye maji ya chumvi ifunguliwe, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kwa joto la taratibu, ndipo ipimwe. Nyaya zilizozama zitupwe, kwa sababu maji husafiri ndani kati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda, na kutokea mita nyingi mbele.

Lakini kinachowakwamisha wengi ni kompyuta ya kuongozea mtambo. Kwenye mitambo mingi ya miaka ya 1990 programu huhifadhiwa kwa betri ndogo. Umeme wa bustani ukikatwa, betri hudumu miaka michache, ikiisha programu inafutika. Kwa rolakosta, programu hiyo ndiyo inayozuia treni moja kuingia sehemu ambayo nyingine bado haijatoka. Kuiandika upya ni kazi ya wahandisi wa usalama, tena inahitaji kuidhinishwa upya. Uliza mapema: ipo nakala, na ni ya toleo gani?

Kwa hali uliyoieleza, gurudumu naliona lina nafasi zaidi. Mwendo wake ni wa polepole, sehemu zake zinafikika, na ekseli na nguzo zikiwa nzima sehemu kubwa ya thamani imebaki. Hesabu pia upepo wa bahari: mitambo mingi ya Ulaya huwekewa kikomo cha kufanya kazi cha mita 15 kwa sekunde, na msingi wako lazima uhimili upepo mkali zaidi ya huo gurudumu likiwa limefungwa. Rolakosta ya watoto, kama mtengenezaji hayupo na nakala ya programu haipo, iacheni hata ikiwa ya bure.

Mkinunua, majaribio yaanze bila mtu. Mizunguko mitupu kwanza, kisha mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria kamili, kisha mzigo upande mmoja tu, ambao kwa gurudumu ndio mgumu zaidi kwa mota na breki. Kata umeme ghafla likiwa limelemewa upande mmoja, upime linasimama baada ya kuzunguka nyuzi (digrii) ngapi. Baada ya hapo kazeni bolti zote upya kwa spana ya kupima nguvu, na rudieni unga wa sumaku kwenye mishono ileile iliyopimwa Ulaya.