Siku moja kutoka Reykjavík hadi Vík inatosha

Ndugu, umeuliza kama safari ya siku moja na mwongoza watalii kwenye pwani ya kusini ya Aislandi inafaa, au ni heri kulala njiani. Kwa maoni yangu inatosha, mradi uondoke asubuhi na mapema, kwani kutoka Reykjavík hadi kijiji cha Vík ni takriban kilomita 187 kwa upande mmoja.

Maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, yote yenye kimo cha mita 60 hivi, hayahitaji muda mrefu, ingawa kwenye lile la kwanza unapita nyuma ya pazia la maji na kutoka umelowa, kwa hiyo vaa koti lisilopenya maji. Muda wako mwingi uupe mto wa barafu wa Sólheimajökull, yaani barafu nene inayoteremka polepole sana. Hapo utafungiwa miiba ya chuma chini ya viatu, nawe ukiinama utaona mistari myeusi ndani ya barafu ya buluu: ni majivu ya volkano, na volkano ya Katla, ambayo mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea mwaka 1918, imefunikwa na barafu kuu ya Mýrdalsjökull ambamo mto huo unatoka.

Katika ufuo mweusi wa Reynisfjara, nakusihi sana, usiyape mawimbi kisogo hata unapopiga picha ya nguzo za basalti (mwamba mweusi wa volkano), kwa sababu wimbi moja hupanda ghafla kuliko mengine na limewahi kuua watalii.