Usiombe wafute kamari yote, omba waondoe kitufe kimoja

Saa nane usiku mdogo wangu alikuwa ameshinda pesa za kutosha kulipa madeni yake yote. Akaomba kuzitoa. Kuweka pesa kwenye akaunti ile kulikuwa kunachukua sekunde chache, ila kuzitoa aliambiwa asubiri siku tatu, ombi lake linashughulikiwa. Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe cha kughairi. Mpaka saa kumi alikuwa amekibonyeza mara nne, kila mara akirudisha fungu jingine kwenye sloti, ile michezo ya kamari ya kuzungusha picha. Alfajiri aliniletea simu bila kusema neno: mistari minne ya "imeghairiwa", saa pembeni, salio sifuri.

Wiki ile ile nikamwandikia mbunge barua ya hasira, nikitaka kamari zote za mtandaoni zipigwe marufuku. Nilijibiwa kwa adabu, mistari miwili, ikaishia hapo. Leo namwelewa. Barua yangu ilikuwa na uchungu mwingi, lakini haikuwa na jambo hata moja ambalo mtu angeweza kulishika na kulifanyia kazi.

Barua ya pili ilikuwa na ombi moja tu: mtu akishaomba kutoa pesa zake, zisiweze kurudi mchezoni. Niliambatanisha picha za ile skrini, jina na namba nikiwa nimezifuta. Nikaeleza kwamba Uingereza walishalifanya hilo mwaka 2021: mdhibiti wao alikataza kughairi utoaji wa pesa, akakataza pia sloti zinazojizungusha zenyewe, na akaagiza kila mzunguko uchukue angalau sekunde 2.5. Safari hii nilipigiwa simu.

Kwenye simu hiyo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa ulijue mapema. Sheria mama hutungwa na Bunge, na kuibadilisha ni safari ndefu. Lakini mengi yanayowaumiza watu huwa yamo kwenye kanuni au masharti ya leseni, na mara nyingi hayo waziri au mdhibiti anaweza kuyabadilisha bila muswada wowote. Kabla hujakusanya sahihi hata moja, soma uone kalamu iko mikononi mwa nani. Mbunge bado ana kazi yake: akiuliza swali bungeni, serikali inalazimika kulijibu hadharani.

Kuhusu mashahidi, tafadhali nenda taratibu. Nilimsukuma mdogo wangu aje kuzungumza mbele ya kamati wakati wadai bado wanampigia simu usiku na mchana. Alikataa, na nashukuru alikataa. Maelezo yake niliyasoma mimi, bila jina. Mtu anayejikwamua kwenye kubeti hana deni la ushuhuda kwako, hata kama ni ndugu yako wa damu.

Utaambiwa kuhusu kodi na ajira. Utaambiwa pia kwamba ukibana, watu watakimbilia tovuti zisizo na leseni. Hoja hiyo ya mwisho usiipuuze, kwa sababu wapo watakaokimbilia huko. Ndiyo maana niliongeza mfano wa Norway, ambako tangu 2010 benki haziruhusiwi kupitisha malipo ya kamari kwa kampuni zisizo na kibali huko.

Halafu kuna tarehe. Serikali ya Uingereza ilikubali mwaka 2018 kushusha dau la juu la mashine za kamari madukani kutoka pauni 100 hadi pauni 2, kisha ikapanga zoezi lianze Oktoba 2019. Waziri aliyehusika, Tracey Crouch, alijiuzulu akipinga ucheleweshaji huo, na wanaharakati na wabunge wakakaza kamba hadi tarehe ikarudishwa Aprili 2019.

Ombi letu sasa limo kwenye rasimu ya kanuni, kifungu chenye sentensi mbili. Mahali pa tarehe ya kuanza kutumika pameachwa wazi, na barua yangu ya Jumatatu inauliza hilo tu.