Kibofu kisafi, mbona damu bado inatoka?

SWALI: Shikamoo dokta. Mzee wangu ana miaka 67, alitolewa uvimbe wa kansa kwenye kibofu 2022. Juzi damu imerudi kwenye mkojo na haumwi popote. Wamempiga kamera wakasema kibofu kiko safi, sasa wanataka CT ya figo. Ugonjwa ulikuwa kibofuni, figo zimeingiaje? Tunatokea Kondoa, nauli na vipimo vinatumaliza.

JIBU: Marahaba. Daktari wenu hajawatafutia gharama. Ile ngozi laini ya ndani ya kibofu haianzii kibofuni, inaanzia kwenye figo pale mkojo unapokusanyika, inashuka na mirija miwili mpaka kibofuni, na sumu ya sigara (wazee wa rika lake wengi wamevuta) inachujwa na figo inapita njia hiyo yote, kwahiyo kama kibofu kiliharibika na huko juu panaweza kuwa pameharibika ila hapajaota bado. Kwa kansa ambayo haijaingia kwenye msuli wa kibofu, katika wagonjwa 100 kama 2 mpaka 4 hivi ndo wanapata nyingine juu, hata miaka kadhaa baadaye. Kama vivimbe vilikuwa vingi, au vikali, au karibu na tundu la mrija, hatari inapanda.

Sasa kamera ya kibofu huko juu haifiki. Ultrasaundi itaonyesha figo iliyojaa maji, ila kavimbe kadogo kwenye mrija inakapita tu. CT ya mkojo, ndo hiyo ya figo mliyoambiwa, ni picha ya mashine: anachomwa dawa mshipani, wanasubiri ijaze mirija, penye uvimbe panaonekana pengo. Apime kreatinini kwanza (kipimo cha damu cha kuona figo zinafanyaje kazi), na kama anameza metformini, dawa ya kisukari, aseme mapema. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma CT ipo, msikimbilie Dar.

Mwangalieni pia akikojoa. Mkojo ukiwa rangi ya juisi ya zabibu halafu una vipande virefu vyembamba kama tambi, damu hiyo mara nyingi imegandia ndani ya mrija, mwambieni daktari hivyohivyo. Na tafadhali asimezeshwe dawa za kichocho kwa kubahatisha, nimeona wazee wanazungushwa hivyo miezi mpaka figo inaziba.

Siku ya kwenda bebeni ripoti ya patholojia ya 2022, yaani majibu ya maabara ya ule uvimbe, ile karatasi watu huwa wanaiacha kabatini.