Gari ya kujiundia yenye injini ya pikipiki na fo wili: anzia kwenye transfa

Wadogo zangu, kila siku naona mnauliza injini gani ya pikipiki inafaa kwenye gari ya kujiundia inayovuta matairi yote manne, ukimdodosa muulizaji kumbe injini keshanunua zamani, iko uani imefunikwa turubai, anachotafuta ni mtu wa kumwambia imefaa. Injini ndo kitu cha mwisho kuamua. Anza na transfa (kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) na difu (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha matairi), kwa sababu injini za pikipiki zimejaa kila kona ila transfa inayokaa peke yake bila giaboksi ni za kutafuta.

Ambayo hapa kwetu ukiizungukia utaipata ni ya Suzuki Samurai. Ile haijafungwa kwenye giaboksi kama gari nyingi, inaning'inia katikati ya chasisi, shafti fupi inatoka giaboksi inaingia kwake halafu propela mbili zinatoka, moja mbele moja nyuma, kwa hiyo ukiondoa injini na giaboksi unabaki na flanji ya kuingilia tu, ile sahani ya kufungia shafti kwa bolti, hapo ndo pako pa kuleta nguvu ya pikipiki. Kirikuu ya fo wili najua mnaipendea wepesi lakini transfa yake imeshikana na giaboksi, utahangaika bure. Difu mbili toa kwenye gari moja, tafadhali sana, maana uwiano wa mbele na nyuma ukipishana siku ukiingiza fo wili kwenye ardhi kavu kitu kinaweza kuvunjika. Tairi nazo saizi moja kote.

Na hata zikilingana, transfa ya Samurai haina difu ya kati, ile inayoruhusu matairi ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona, kwa hiyo kwenye lami unatembelea tairi za nyuma tu, fo wili ni ya tope na mchanga. Ukitaka manne yavute muda wote hadi lami, transfa ya Lada Niva nayo inakaa peke yake na ina difu ya kati, ila kuipata sasa, mh.

Haya hesabu, hapa ndo wengi wanaruka. Chukua pikipiki yenye sproketi ya mbele meno 14 na nyuma 42, hiyo ni 3 kwa 1, yaani sproketi ya injini inazunguka mara tatu tairi likizunguka mara moja. Samurai ile ya 1300 transfa ikiwa kwenye hai (gia ya mwendo wa kawaida) ni 1.409, difu 3.727, ukizidisha unapata kama 5.25, na kwenye lo (gia nzito ya nguvu) transfa ni 2.268 kwa hiyo inakuwa kama 8.45. Tuseme pikipiki ilikuwa inafika 90 kwa saa gia ya mwisho tairi lake kipenyo sentimita 60, wewe umefunga cheni meno sawa kwa sawa na tairi za gari za sentimita 67, kwa mzunguko uleule wa injini utapata kama 57 kwenye hai na 36 kwenye lo. Kwa injini ya cc 150 hiyo siyo hasara hata kidogo, yenyewe ilizoea kubeba watu wawili na leo unaipa mzigo wa nusu tani, huo upungufu wa spidi ndo unaookoa klachi. Mtu wa cc 600 au 1000 ndo acheze na meno ya sproketi arudishe spidi, lakini afanye hesabu kabla ya kuwasha grenda.

Cheni usiifunge moja kwa moja kwenye flanji ya transfa. Cheni inavuta kwa pembeni na beringi ya pale haikutengenezwa kwa mvuto huo, weka shafti fupi iliyokaa kwenye beringi zake mbili, sproketi katikati, halafu mwisho wa shafti uunge na transfa kwa krosi, kile kiungo cha shafti kinachojikunja.

Upande wa kukaa injini nao muhimu. Pikipiki nyingi za Kijapani sproketi iko kushoto, sasa ilaze injini kwa upana wa gari sproketi itazame nyuma, ekzosti itokee kushoto mbali na dereva wetu wa kulia, hapo shafti inazunguka sawasawa na propela ya gari ya kawaida. Ukiigeuza sproketi ikatazama mbele utapata gari yenye gia tano za kurudi nyuma na haina hata moja ya kwenda mbele, na hilo huligundui mpaka umeshachomelea mabano yote. Rivasi yenyewe pikipiki haina, nenda maduka ya spea za guta la injini ukatafute giaboksi ndogo ya rivasi, ikae kati ya injini na transfa.

Kupoza: injini ya upepo ilizoea kukaa wazi, ukiifungia nyuma ya siti itakaangika, iwekee feni na mfereji wa bati unaopeleka hewa kwenye mapezi ya silinda. Ya maji ni rahisi zaidi, rejeta mbele basi. Oili nayo, pikipiki inalala kwenye kona oili inabaki chini kwenye sampu, gari hailali, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa, kwa hiyo fungua sampu uchomelee vizuizi vya bati kuzunguka mdomo wa pampu. Na mweke oili ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA, klachi inaogelea humohumo, ile ya gari ya kubana mafuta itaifanya iteleze na mtaanza kusumbua fundi kwamba sahani zimeisha.