Kupima zebaki: nywele, damu au mkojo?

Dada yangu wa Geita, umeuliza kama ulipie kipimo cha nywele kinachodaiwa kuonyesha "sumu zote mwilini", kwa kuwa jirani anachomea dhahabu uani na una mtoto mdogo. Hela yako iweke kwanza.

Wachimbaji hutumia zebaki kunasa dhahabu, na donge la hizo mbili likiwekwa motoni, zebaki hupanda kama mvuke, huingia kwa mapafu na baadaye hutolewa na figo. Kwa hiyo hutafutwa kwenye mkojo. Nywele zinafaa zaidi kwa zebaki ya aina nyingine, ile tunayoipata kwa kula samaki. Tena mvuke wa uani unaweza kugandia nywele kwa nje ukavuruga majibu. Risasi (madini ya ledi, si ya bunduki), mojawapo ya hizo "sumu zote", hupimwa kwenye damu, lakini damu husimulia hasa yaliyotokea karibuni. Ya zamani imejificha kwenye mifupa. Mtoto akifika mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Akitokea mtu wa kukupa dawa ya "kutoa sumu" kabla ya kupima mkojo, mkimbie. Dawa hiyo hupandisha kiwango cha sumu kwenye mkojo hata kwa mtu mwenye afya njema, halafu unauziwa matibabu.

Nenda hospitali ya mkoa, umweleze daktari habari za uchomaji, na uulize sampuli inapelekwa maabara gani. Chombo cha mkojo kiwe chao, si chupa ya nyumbani. Huku ukisubiri, ongea na jirani ahamishe moto mbali na makazi. Mtoto asicheze pale anapochomea.