Bima ya elimu ya pili: hiyo faida ya asilimia 28 iko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana miaka mitano. Alipotimiza mitatu nilimkatia bima ya elimu: nalipa 1,000 kila mwezi kwa miaka 15, na akifika miaka 18 tunapewa 240,000 za chuo. Sasa wakala amerudi na bima ya pili: 1,000 nyingine kila mwezi kwa miaka 13, tupewe 200,000. Anasema hiyo ni faida ya asilimia 28 ambayo hatuipati kwingine, na kwamba tukiikata juu ya uhai wa mtoto mwenyewe itakuwa nafuu zaidi. Kozi tunayoifikiria, ada na malazi kwa miaka yote, leo ni kama 300,000, kwa hiyo kwa hesabu yangu chenji itabaki. Baba yake anataka tuachane na zote mbili. Nani yuko sahihi? – Mama wa mmoja

(Viwango nimevigeuza kuwa tarakimu nyepesi bila kutaja aina ya fedha. Uwiano ni ule ule.)

JIBU: Dada, hakuna aliye sahihi. Ya pili usiikate, na ya kwanza usiivunje.

Nianze na hiyo asilimia 28, kwa sababu barua zenye hesabu ya namna hii hazikauki mezani kwangu na kila mara mwandishi anakuwa ameshaiamini. Utalipa 156,000, utapokea 200,000, ziada ni 44,000. Ukigawanya 44,000 kwa 156,000 unapata 28 kweli. Lakini hiyo ni ya miaka 13 yote ikiwa imejumlishwa, na wakala anaitaja kwa sauti ileile ambayo benki hutaja riba ya mwaka mmoja. Wapo wanaoshtuka wakaigawanya kwa 13, wakapata 2.2. Nayo si sahihi, maana pesa yako haikuwekwa yote siku ya kwanza. Ile 1,000 ya mwisho inakaa mwezi mmoja tu. Hesabu inayozingatia muda ambao kila 1,000 imekaa inatoa karibu asilimia 3.7 kwa mwaka. Usiniamini mimi. Fungua programu yoyote ya lahajedwali (kama Excel), andika =RATE(156,-1000,0,200000), kisha zidisha jibu kwa 12. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini watu wako tayari kusaini mkataba wa miaka 13 bila kuitumia hiyo dakika.

Bima yako ya kwanza, ukiipima tangu siku ulipoianza, nayo ni hiyo hiyo 3.7. Kwa nini basi nasema usiivunje? Kwa sababu 24,000 ulizokwisha kulipa si hoja tena. Katika mikataba mingi ya aina hii, malipo ya mwanzo humezwa na kamisheni na gharama za kampuni, hivyo ukivunja mapema unarudishiwa kidogo sana au huambulii kitu. Tuseme hupati hata senti. Kuanzia leo bima ya kwanza inakudai 156,000 na itakupa 240,000. Ya pili inakudai 156,000 zile zile na itakupa 200,000. Ukihesabu ya kwanza kuanzia leo inafika karibu asilimia 6.3 kwa mwaka. Gharama yake umeshaimeza, kilichobaki ndicho chenye mafuta. Baba yake yuko sahihi kuitilia shaka bidhaa yenyewe, lakini amechelewa miaka miwili. Kabla hamjafunga mjadala, iandikie kampuni (kampuni, si wakala) ikutajie kwa maandishi kiasi utakachorudishiwa ukivunja leo. Kikiwa kikubwa kuliko ninavyodhani, rudia hesabu ukikiingiza.

Waulize pia katika zile 240,000 ni kiasi gani kimehakikishwa na kiasi gani ni bonasi inayokadiriwa, yaani nyongeza inayotegemea faida ya kampuni. Kwenye vipeperushi viwili hivi huandikwa kwa herufi zenye ukubwa mmoja. Kwenye mkataba, bonasi ambayo haijatangazwa si deni la mtu.

Sasa hiyo chenji. Hapa ndipo ninapochoka, maana kosa hili wanalifanya hata watu wanaojua hesabu. Umechukua gharama ya leo ukailinganisha na pesa ya miaka 13 ijayo. Gharama ikipanda asilimia 6 kwa mwaka, na sitabiri kwamba ndivyo itakavyokuwa, inajirudufu kila baada ya miaka 12. Kozi ya 300,000 itakuwa karibu 640,000 mwanao akifikisha miaka 18, nawe ukiwa na bima zote mbili utakuwa na 440,000. Chenji iko wapi? Umepungukiwa 200,000.

Na hapo nimedhani kwamba ada hupanda polepole. Wakati mwingine huruka. Uingereza ilirudisha ada za vyuo vikuu mwaka 1998 kwa pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2006 kikomo kikawa 3,000, na mwaka 2012 kikawa 9,000. Mzazi ambaye mtoto wake alizaliwa 1994 alianza kupanga wakati ada haipo kabisa, na mtoto akafika mlangoni ikiwa pauni 9,000. Hakuna kipeperushi kilichomwonya.

Kwa hiyo ile 1,000 ya pili iweke mahali ambapo unaweza kuiongeza. Hilo ndilo tatizo la malipo yaliyofungwa: kipato chako kitapanda na gharama itapanda, lakini mkataba unabaki na 1,000 hadi mwisho. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye gharama ndogo, au mchanganyiko wa hisa na hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni, ikulipe riba), unakuruhusu kuongeza kila mshahara unapopanda na kusimama mambo yakibana bila kuadhibiwa kwa kusimama. Ukipata asilimia 6 baada ya gharama, hiyo 1,000 itafika kama 235,000. Ukipata 8, kama 273,000. Hazijahakikishwa, na atakayekuhakikishia mkimbie. Mtoto akikaribia miaka 15 anza kuhamishia pesa kwenye amana za muda maalumu na hatifungani za muda mfupi. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa zilizomo kwenye kipimo cha S&P 500 cha Marekani zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani. Mwenye mtoto wa miaka mitano aliweza kusubiri zipande tena. Aliyekuwa anadaiwa ada mwezi unaofuata hakuwa na nafasi hiyo. Kumbuka pia kwamba ada ya mwaka wa mwisho hailipwi siku ya kwanza, hivyo sehemu ya pengo itatoka kwenye kipato chenu cha wakati huo. Lengo si kuwa na 640,000 zote asubuhi ya usajili.

Kukata bima juu ya uhai wa mtoto. Nafuu kweli, na sababu ya unafuu huo inatosha kuikataa: mtoto wa miaka mitano ni nadra kufa, na akifa hakuna ada ya kulipa. Kinachoweza kumtoa chuoni ni kifo au ulemavu wa mzazi anayeleta kipato. Uhai huo ndio wa kukatiwa bima. Bima ya maisha ya muda maalumu, isiyo na akiba ndani yake, kwa kawaida ina malipo madogo mno ukilinganisha na kiasi inachokinga, na huyo wakala hakuitaja kwa sababu kamisheni yake nayo ni ndogo. Angalia kwanza kama bima ya kwanza ina kipengele cha kampuni kuendelea kulipa iwapo mlipaji atafariki, na jina la mlipaji ni la nani. Nimeona familia ambazo baba ndiye mwenye mshahara lakini aliyekatiwa ni mama, kwa kuwa tu ndiye aliyekuwa nyumbani siku wakala alipobisha hodi.

Wakala wako angalau anauza kitu halali. Wengine wanaozunguka na picha za watoto waliovaa majoho hawana hata hicho. Kikundi kinachoahidi asilimia 10 kwa mwezi kinakuahidi kwamba pesa itazidi mara tatu kwa mwaka mmoja. Ulizeni biashara gani hiyo, na kwa nini mwenyewe asikope benki afanye peke yake. Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45 huko Boston mwaka 1920, akawalipa wa mwanzo kwa pesa za waliofuata, na mambo yakaporomoka mwaka huohuo. Wa leo wamebadilisha jina tu, wakaiita akiba ya elimu. Kuna pia madalali wa ufadhili wanaodai ada ya kufungua faili au kushika nafasi. Mfadhili wa kweli hukupa pesa, hakuombi utangulize yako. Tovuti zao zina nembo za vyuo vikubwa. Pigia simu ofisi ya udahili ya chuo husika, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama wanamtambua mtu huyo. Mzazi mwenye barua ya udahili mkononi na tarehe ya mwisho wiki ijayo ndiye windo lao.

Kama kalamu ilishagusa karatasi ya bima ya pili kabla jibu hili halijakufikia, fungua mkataba utafute siku za kuutengua. Mikataba mingi ya bima ya maisha huwa nazo, ni chache, na mara nyingi huhesabiwa tangu ulipokabidhiwa hati. Ndani ya siku hizo malipo yako hurudishwa, pengine yakiwa yamekatwa gharama ndogo. Andika barua ya kutengua, ipeleke ofisini kwao, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.